Wimbo Ukiisha, Tunabadilishana Viti

Katika kiwanda chetu cha madaftari hakuna aliyefanya kazi kwa kuangalia saa. Saa inataka macho, na macho ya mtu anayeshona daftari yako kwenye ncha ya sindano. Ukiyainua, sindano itakukumbusha kwamba kidole nacho ni nyama. Kwa hiyo tulitumia masikio. Wimbo ukiisha, tunabadilishana viti. Aliyekuwa anakunja karatasi anahamia kupanga kurasa, wa kupanga anakwenda kushona, wa kushona anakwenda kwenye gundi, na wa gundi anarudi kukunja. Watu kumi na sita, meza mbili, kila baada ya dakika nne au tano. Mgeni akichungulia dirishani angedhani tunacheza mchezo wa watoto, ila kwetu hakuna aliyebaki bila kiti.

Mpango huo hatukupewa. Tuliukalia siku tatu za mgomo, mikono mapajani, miaka kumi na moja iliyopita, na meneja wa wakati ule akazunguka meza zetu siku zote tatu na shati lake la kijivu ambalo kifungo cha pili kilishonewa uzi mweusi. Nakumbuka kile kifungo kuliko sura yake. Kabla ya hapo, aliyewekwa kwenye sindano alikaa kwenye sindano, asubuhi mpaka jioni, mwaka hadi mwaka, mpaka mkono unajikunja kama mguu wa kuku na mwenye mkono anaambiwa akapumzike nyumbani. Mapumziko hayo hayakuwa na mwisho. Mama yetu, mimi na dada yangu, alikuwa mmoja wao. Miaka yake ya mwisho hakuweza kufunga vifungo vya gauni lake mwenyewe. Dada alimfungia asubuhi, mimi nilimfungulia jioni, na yeye alitazama ukutani tukifanya hivyo.

Baada ya siku tatu wakakubali, na mimi ndiye niliyeandika maneno. Shule niliachia darasa la saba, lakini hakuna karatasi iliyodondoka sakafuni mle ndani ambayo sikuisoma. Niliandika: "Wafanyakazi watabadilishana viti kila wimbo unapoisha." Ikapelekwa juu ikachapwa, ikasainiwa, na nakala yangu nikaitia kwenye mfuko wa nailoni, nikauweka chini kabisa ya sanduku la spana. Niliipenda ile sentensi. Nyakati nyingine nilifungua sanduku bila kuhitaji spana.

Mle ndani mimi ni fundi. Kisu cha kukatia kingo ni changu, mashine ya kupiga mistari ni yangu, na tangu kompyuta zilipoingia nazo zimekuwa zangu, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa na subira ya kusoma kitabu cha maelekezo. Wenzangu wananiita Faili. Wanasema ukinikosea leo utaletewa hati yako baada ya miaka kumi. Ni kweli, na sioni ubaya wake. Wanaosahau haraka ndio wanaokanyagwa mara mbili mahali pale pale.

Kompyuta zipo mbili. Moja iko juu, katika chumba cha vioo anachokaa Karani, na ndiyo inayopiga muziki ukashuka kwa nyaya mpaka spika za ukumbini. Nyingine iko chini, pembeni ya meza ya gundi, kazi yake ni kuchapa lebo. Zimeunganishwa kwa waya mmoja, maana orodha za lebo hutoka kwa Karani.

Mwaka huu alikuja meneja mpya. Sitamsingizia: hakuwa mtu wa kelele. Aliomba kusoma ile karatasi, akaisoma vizuri, na hapo ndipo tulipopatikana. Jumatatu moja muziki ulianza saa mbili asubuhi na haukuisha. Mtu alikuwa ameunganisha nyimbo mkia kwa kichwa, ngoma moja inaingia kwenye tumbo la nyingine bila hata nafasi ya kupumua, kwa muda wa saa nne nzima. Baada ya chakula cha mchana ukaanza mwingine wa namna hiyo, ukatupeleka mpaka jioni. Mixi sita zilikuwa zimewekwa kwenye kompyuta ya juu, na nyimbo za zamani zimeondolewa.

Tulikwenda kumwona, mimi na dada. Akasema karatasi yetu anaiheshimu. Madaftari yamekuwa yakirudishwa na shule, alisema, mengine yana fungu la kurasa lililoshonwa kichwa chini, na yeye anaamini ni kwa sababu ya kuinuka inuka. Kisha akaniangalia mimi, bila tabasamu, bila dharau.

"Karatasi inasema wimbo ukiisha. Haujaisha, fundi."

Nilimjibu mengi ambayo hayana faida kuandikwa hapa. Kilichonichoma ni kwamba hakunipiga kwa fimbo yake. Alinipiga kwa ya kwangu.

Wiki ya pili, dada alianza kushika kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto. Wiki ya tatu alinisogezea chupa ya maji nimfungulie kifuniko, akiongea habari nyingine kabisa, kama vile chupa imejisogeza yenyewe. Katika ukoo wetu mtu hasemi anapoumwa, anasogeza chupa. Nilikifungua kile kifuniko na nikauona ule ukuta aliokuwa anautazama mama.

Siku chache baadaye Karani alipiga simu chini kwamba kompyuta yake inanguruma. Nikapanda na brashi yangu. Karani ni mwanamke wa makamo, miwani yake inaning'inia kwenye kamba shingoni, sweta mabegani hata siku za joto kwa sababu kile chumba kinapulizwa baridi. Miaka yote hiyo tulikuwa tumesemezana maneno mawili tu: "imezima" na "imewaka." Kichwani mwangu nilikuwa nimemhesabu pamoja na vioo. Wa juu ni wa juu.

Nilitoa vumbi kwenye feni, vumbi la kutosha kujaza soksi. Halafu, kabla sijashuka, nilifungua kwenye skrini kile chombo cha kupigia muziki, upande wa mipangilio, na mle nikakuta kiboksi kidogo. Ukikitia alama, chombo kinakubali kupokea amri kutoka kompyuta nyingine. Karani alikuwa amenipa mgongo, yuko kwenye simu. Nikatia alama. Nikarudisha kila kitu kilivyokuwa, nikasema imewaka, nikashuka ngazi kama mtu aliyebeba yai mfukoni.

Wiki nzima ya mapumziko ya mchana niliitumia kwenye kompyuta ya lebo. Nilitengeneza kidirisha, kidogo, ukubwa wa sanduku la kiberiti, kinachokaa kwenye kona ya skrini juu ya kila kitu kingine. Vitufe vitatu: cheza, simama, ruka. Ukibonyeza, neno moja linapanda kwenye waya, linagonga kule juu, na kule juu wanatii. Si kazi kubwa. Kubwa ilikuwa kujua neno linatakiwa kuandikwa vipi, maana chombo kile ni kama mzee mwenye maringo: ukikosea salamu haitiki. Nililisahihisha mara ishirini hivi. Kitufe cha kuruka nilikipaka kijani, kwa kuwa watu wetu wakiona chekundu hawagusi.

Jumanne, saa tatu na robo, nikabonyeza. Mwimbaji alikatwa katikati ya neno, na mixi nyingine ikaanza kwa vifijo. Ukumbi mzima uliinua macho. Wa kwanza kuelewa alikuwa Mama Gundi, ambaye ana mdomo mwepesi na mkono mzito, na amekaa kwenye meza ile kuliko mtu yeyote.

"Wimbo umeisha, jamani," akasema taratibu, na akasimama.

Wote wakasimama. Dada alitoka kwenye sindano akaja kwenye gundi, akajikanda kifundo cha mkono, hakunitazama. Kufikia jioni kidirisha kilikuwa na jina la mtaani, rimoti, na utaratibu wake: anayekaa kiti cha gundi kilicho karibu na kompyuta ndiye anayebonyeza, akishamaliza madaftari sita.

Kwa kuwa mixi zilikuwa sita tu, tulisikia mianzo yake ikizunguka kutwa. Mama Gundi akasema tumezijua salamu za nyimbo zote, lakini hakuna hata moja iliyokaa kutueleza shida iliyoileta.

Kosa langu lilijitokeza Alhamisi. Karani alikuwa anateremsha orodha ndefu ya lebo, waya umejaa. Zamu ya kubonyeza ilikuwa ya Mama Gundi. Akabonyeza, kimya, mixi inaendelea. Akabonyeza tena. Akabonyeza mara ya tatu, kwa nguvu zaidi, kama vile kitufe ni kiziwi. Mara lebo zikaisha kushuka na zile amri tatu zikafika juu kwa mpigo. Muziki ukabadilika, watu wakainuka. Hawajakaa, ukabadilika tena. Wakainuka tena, ukabadilika tena. Brashi ya gundi ilijikuta mkononi mwa mtu wa kukunja, fungu la kurasa likapangwa na mtu aliyekuwa njiani, na mmoja wetu aliinuka na daftari limeshonewa kwenye aproni yake. Tulicheka mpaka mtu akatokwa na machozi. Mimi sikucheka sana. Nilikuwa natazama skrini, ambapo kidirisha changu kiliendelea kuonyesha, kwa utulivu kabisa, kwamba kila kitu kiko sawa.

Dada alikuja akasimama nyuma yangu.

"Hiki kitu chako kinajuaje wimbo gani unapigwa?"

Nikamwambia hakijui. Kinatuma amri tu, halafu kinaamini imetimizwa.

"Kinasema, hakisikilizi," akasema. "Mdogo wangu, umekwenda ukatengeneza meneja."

Lile neno nililala nalo. Tangu nikiwa kijana nimewasema watu wa juu kwa jambo moja: wanatuma maneno yashuke ngazi, hawaulizi yamefikaje. Nami nilipopata waya wangu mwenyewe, nikatengeneza wa kwenda tu. Ijumaa mchana nikakaa nikarekebisha. Sasa kidirisha, kila baada ya sekunde mbili, kilipanda kuuliza: unapiga nini, umefika dakika ya ngapi? Jibu likishuka, kinaliandika chini ya vitufe. Na kama jibu halijafika, kitufe kinafifia, hakibonyezeki. MIXI 4, kiliandika. MIXI 5. Nikaridhika.

Jumatatu asubuhi nilikuwa nakinoa kisu pale karibu nilipotupa jicho kwenye skrini. Chini ya vitufe palikuwa pameandikwa: FUNDI NAJUA NI WEWE.

Niliweka jiwe la kunolea chini. Nilisoma tena. Kule juu, nyuma ya vioo, Karani alikuwa ameinamia kazi yake, miwani puani. Jina la mixi si kitu cha ajabu. Mtu yeyote anaweza kuliandika upya kama anavyoandika lebo. Mixi zilikuwa sita. Kama ameandika upya moja, huenda ameandika zote. Barua yangu ilikuwa pale, imegawanywa vipande sita, na kidirisha nilikuwa nimekipa jicho la kuona kimoja tu, kinachopigwa.

Kuisoma kulitaka kuruka. Na kila nikiruka, watu kumi na sita wanainuka. Nikiruka haraka haraka ukumbi utageuka ule mchezo wa Alhamisi, na vioo vyote vya juu vitageuka kututazama. Basi ikabidi ningoje madaftari sita, kama wengine. Sijawahi kuona gundi inapakwa polepole namna ile.

Wa zamu akabonyeza. KIBOKSI NILIKUONA KIOONI UKIKIGUSA.

Madaftari sita. KARATASI YA VITI NILIICHAPA MIMI.

Hapo niliondoka nikaenda kwenye sanduku la spana. Nilitoa ule mfuko wa nailoni, nikaitazama karatasi ambayo nilidhani naijua kwa moyo. Chini kabisa, kushoto, zipo herufi mbili ndogo, za mpigachapa. Miaka kumi na moja nimekuwa nikisoma sentensi yangu, sikuwahi kujiuliza vidole vya nani viliipiga. Wananiita Faili, na faili lilikuwa na ukurasa ambao halikuwahi kuufungua.

Madaftari sita mengine. MENEJA AMENIULIZA NIMESEMA SIJUI. Halafu, karibu na mapumziko: SITAWEZA KUSEMA SIJUI MARA YA PILI. Na la mwisho likaja watu wakiwa wanakunja aproni kwenda kula: KESHO SAA NNE ANASHUKA. MWAMBIENI WENYEWE.

Tulikaa ngazi za nyuma, mimi na dada na Mama Gundi, na chakula chetu magotini. Niliwasomea barua yote, niliyoiandika kwa penseli nyuma ya lebo. Nikawaambia niliyokusudia: jioni ile nakifuta kidirisha, nakiondolea kiboksi alama nikipanda kuangalia feni, na kesho saa nne meneja atakuta kompyuta ya lebo ni ya lebo. Hataweza kuthibitisha kitu.

Dada aliuliza muziki ulikuwa unarukia kwenye kompyuta ya nani. Nikasema ya Karani. Akauliza, basi atakayeonekana anaruka ni nani?

Mama Gundi akasema yeye na Karani hawajawahi hata kuazimana kiberiti, lakini mtu aliyekuona ukiiba na akanyamaza wiki mbili humwachii mzigo wako.

"Na ukikifuta," dada akasema, "kesho kutwa mimi niko kwenye sindano kwa muda wa saa nne nzima tena." Akaugeuza mkono wake wa kulia juu ya goti, kiganja juu, vidole vikabaki vimejikunja nusu. Ilikuwa mara ya kwanza kunionyesha. "Sitaki rimoti ya kujificha. Nataka viti."

Nikamwambia wanaweza kunifukuza. Akasema anajua. Akasema pia, kama anaomba chumvi, kwamba kesho nisiongee.

"Una miaka kumi na moja mdomoni. Ukiifungua yote atachoka kabla hujafika kwenye mkono wangu. Kesho uwe fundi tu."

Meneja alishuka saa nne na dakika mbili. Nilikuwa nimeiweka karatasi ya zamani juu ya kompyuta ya lebo, ndani ya nailoni yake, na kidirisha kiko wazi kwenye skrini. Hakuhitaji kutafuta. Alikuja akasimama mbele yake, mikono nyuma, akasoma vitufe vitatu. Chini yake palikuwa pameandikwa MIXI 2. Karani alikuwa ameshafuta barua yake.

Akauliza hiki ni nini. Nikasema ni rimoti ya muziki wa juu, nimeitengeneza mimi, kiboksi cha kule nilikitia alama mimi bila ruhusa, na Karani hakuhusika. Nikafunga mdomo. Ilinigharimu.

Sijui alitarajia nini. Labda alidhani haifanyi kazi, labda kidole cha mtu hakiwezi kupita kitufe cha kijani. Akabonyeza.

Mixi ikakatika, nyingine ikaanza, na watu kumi na sita wakainuka. Hakuna aliyepanga iwe hivyo, masikio yalishazoea. Viti vilisogea, aproni zikapishana, na meneja akajikuta amesimama katikati ya watu wanaomzunguka kwa adabu kama maji yanavyozunguka jiwe. Dada alikuwa kwenye sindano. Ili ainuke, aliushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, akautoa mezani, akaubeba kama mtu anayebeba kitu cha jirani, akaja nao mpaka kwenye gundi, hatua moja kutoka alipo meneja. Akauweka chini. Kisha akashika brashi kwa kushoto.

Meneja aliutazama ule mkono muda mrefu kidogo.

Dada akasema, bila kuinua sauti, "Wewe umeisoma karatasi yetu vizuri kuliko sisi. Lakini haikuandikwa kwa ajili ya wimbo. Iliandikwa kwa ajili ya mkono huu."

Spika ziliendelea. Mimi niliuma ulimi mpaka nikauonja.

Meneja alivuta kiti. Hilo sikulitegemea. Akakaa pale pale kwenye meza ya gundi, akasema yale mafungu ya kichwa chini si hadithi aliyoitunga, anayo madaftari yenyewe ofisini, na shule hazitaki kusikia habari za viti. Mama Gundi akamwambia hata sisi tunayajua, na yanatoka wapi tunajua: mtu anaachia fungu katikati, anayekuja hajui liligeukia wapi. Dawa yake ni kipande cha karatasi ya rangi. Kila anayeinuka anakiweka pale alipoachia, upande wa juu. Mabaki ya majalada yapo tele, yanatupwa. Meneja akauliza kwa nini hawakuwahi kusema. Mama Gundi akamjibu kwamba hakuna aliyewahi kuvuta kiti.

Wakajadiliana. Yeye alitaka kila nusu saa. Dada akasema nusu saa mkono hauwezi. Mimi nilitaka kila wimbo, kama zamani, kila wimbo na si pungufu, na nilikuwa nimeshafungua mdomo dada aliponitazama. Wakakutana kwenye nyimbo mbili. Meneja akamuuliza dada, mkono utabeba nyimbo mbili? Dada akafikiri kweli, akivifungua na kuvifunga vidole chini ya meza, akasema utabeba, ila wiki tatu za mwanzo asiguse sindano kabisa. Meneja akasema sawa.

Sitadanganya kwamba nilifurahi. Tulikuwa na wimbo mmoja, tukatoka na mbili, na kwenye hesabu yangu hiyo ni kurudi nyuma. Nimeliweka hilo kwenye faili, na siku yake itafika. Lakini mkono haukuwa wangu.

Maneno niliandika mimi tena, safari hii taratibu: kila baada ya nyimbo mbili, na wimbo mmoja usizidi dakika tano, na nyimbo zisiunganishwe. Nilipanda nayo juu mwenyewe. Karani aliichapa, vidole vyake vinakwenda mbio, na alipofika mwisho akaweka herufi zake mbili chini kushoto, akanigeuzia karatasi nizione. Kisha akachukua karatasi nyingine iliyokuwa tayari pembeni, akanipa. Ilikuwa barua yangu ya onyo, kwa kugusa kompyuta ya ofisi bila ruhusa. Nayo ilikuwa na herufi zake.

"Hii pia nimeichapa vizuri," akasema.

Nikamshukuru. Zote mbili ziko kwenye nailoni, chini ya spana.

Nyimbo fupi zilirudishwa Jumatatu iliyofuata. Kidirisha meneja alikiacha, kwa sharti kwamba kitufe cha kuruka kitolewe, nami nilikitoa. Mahali pake nikaweka namba, moja na mbili, ili anayepaka gundi ajue wimbo huu ni wa kukaa au wa kuinuka. Watu wakaendelea kukiita rimoti ingawa hakikuwa kinaongoza chochote. Vipande vya rangi vilijaa mezani, vyekundu na vya manjano. Dada alikunja, akapanga, akapaka gundi kwa kushoto, akairuka sindano.

Siku ya Alhamisi, wimbo wa pili wa asubuhi, nilipita pale nikaona chini ya namba hapakuandikwa jina la wimbo. Palikuwa pameandikwa: MKONO WA DADA UNAENDELEAJE?

Nilibaki nimesimama na grisi vidoleni. Kidirisha kilijua kuuliza na kilijua kusoma, lakini mahali pa kujibu sikuwahi kukiwekea. Mapumziko yalipofika nilipanda ngazi, nikagonga kwenye kioo, nikamwomba Karani ruhusa, kwa maneno, ya kuweka kitu kidogo kwenye kompyuta yake: mstari mmoja tu ambamo maneno ya chini yatatokea. Aliteremsha miwani ikaning'inia kwenye kamba. Akasema nimechelewa, alidhani ningeomba tangu Jumatatu.

Ilinichukua mapumziko mawili ya mchana. Kilipokuwa tayari nilimwita dada, nikamwambia aandike chochote, nitazame kama kinafika. Akakaa. Nilidhani atatumia kushoto. Akanyoosha mkono wa kulia, akatafuta herufi moja moja kwa kidole kimoja, polepole, nami sikumsaidia.

UNASHIKA KIKOMBE, aliandika.

Juu, nyuma ya vioo, Karani aliinua kichwa. Wimbo wa pili ukaisha, na watu wakainuka.